Hesabu ya Chuma Kinachoisha

Anayejenga hotirodi, yaani gari la zamani la Kimarekani lililopunguzwa uzito na kuongezwa kasi, humwuliza kila muuzaji wa injini swali moja kwanza: inawaka? Mwaka 1950 swali hilo lilikuwa na uzito. Injini ya V8 ya Ford iliyotafutwa wakati ule ilikuwa imetoka kiwandani miaka michache tu nyuma, na kuwaka kwake kulieleza karibu kila alichohitaji mnunuzi kukijua. Leo injini ileile ina zaidi ya miaka sabini. Ikiwaka, inathibitisha mambo matatu: kuna cheche, kuna petroli, na kuna mgandamizo wa kutosha katika baadhi ya silinda. Haithibitishi lolote kuhusu hali ya chuma chenyewe, na chuma ndicho kinachoisha.

Wanaotafuta injini hizi hulalamika zaidi kuhusu bei. Bei ni dalili tu, na si dalili nzuri, kwa sababu hupanda pia pale bidhaa inapopendwa bila kupungua. Cha kupimwa ni akiba: ilivyojengwa, inavyotoka, na iwapo kuna kitu chochote kinachoingia kuijaza. Ukiifuata hesabu hiyo hatua kwa hatua, hitimisho lake ni gumu kulikwepa. Injini nzima zinapungua kwa njia zinazosaidiana, na mojawapo ya njia hizo ni utafutaji wenyewe.

Tuanze na kifaa. Mwaka 1932 Ford ilitoa injini ya V8 yenye inchi za ujazo 221, takriban lita 3.6, na nguvu farasi 65. Injini za silinda nane zenye umbo la V zilikuwapo kabla yake, lakini mara nyingi ndani ya magari ya matajiri. Jipya lilikuwa namna ya kuitengeneza: silinda zote nane na sehemu ya juu ya makazi ya krankishafti zilisubiwa pamoja, chuma kimoja kiitwacho bloku, katika kalibu moja, kwa gharama ambayo gari la mtu wa kawaida lingeweza kuibeba. Ujazo ulipanda hadi inchi 239 katika gari la Mercury la 1939, chapa nyingine ya kampuni hiyo, kisha 255 katika Mercury ya 1949. Magari mapya ya Marekani yaliacha kuitumia baada ya 1953, na ya Kanada baada ya 1954. Kwa zaidi ya miaka ishirini zilitoka kwa mamilioni, zikaingia katika magari madogo, malori, pampu za umwagiliaji na mashine za kuvunia. Wingi huo ndio uliozaa imani kwamba hazingeisha.

Ubunifu uliozifanya ziwe rahisi ndio pia uliozifanya ziharibike. Katika injini nyingi za leo valvu hukaa kichwani, juu ya silinda. Katika injini hii valvu zimo ndani ya bloku, ubavuni mwa silinda, na kichwa ni kifuniko bapa tu. Ndiyo maana inaitwa injini ya kichwa bapa. Moshi wa moto unaotoka kwenye valvu hauna njia fupi ya kutokea. Hupita ndani ya bloku, katika mifereji iliyozungukwa na maji ya kupoza, hadi ubavu wa nje. Kila upande una silinda nne na matundu matatu ya ekzosi. Silinda mbili za katikati hugawana tundu moja. Joto ambalo lingepaswa kutoka nje linaachwa ndani ya maji. Ford iliweka pampu mbili za maji, moja kwa kila upande, na bado sifa ya injini hii ya kuchemka haikuisha.

Joto hilo huacha alama maalumu. Chuma cha kalibu cha kijivu kimejaa vipande vyembamba vya grafaiti. Hustahimili kukandamizwa, lakini kikivutwa, vipande hivyo huwa mianzo ya nyufa. Kila injini inapopata moto, eneo la kiti cha valvu ya ekzosi hutanuka kuliko chuma kinacholizunguka, na inapopoa, hunywea. Mzunguko huo ukirudiwa mara maelfu, ufa huanza kwenye kiti cha valvu na kuelekea ukuta wa silinda, au huanza kwenye tundu la bolti la kichwa na kuelekea mfereji wa maji. Nyufa fupi za aina ya pili ni za kawaida na hurekebishika. Za aina ya kwanza, zikifika mahali ringi ya pistoni inapopita, mara nyingi huihukumu bloku nzima.

Injini isiyotumika nayo haiko salama. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na ukuta wa jaketi la maji hauna pa kwenda. Gari lililoachwa bandani Michigan au Minnesota bila dawa ya kuzuia kuganda lilihitaji usiku mmoja tu wa baridi kali. Katika majimbo yenye joto barafu ni haba, ila kuna kutu. Kutu hula kuta za jaketi kutoka upande usioonekana, na magamba yake hutua chini, yakichanganyika na mabaki ya mchanga wa kalibu ambayo hayakuwahi kutolewa tangu kiwandani. Tabaka hilo huzuia maji kugusa chuma, sehemu hiyo hupata moto kupita kiasi, na ufa hupata mahali pa kuanzia. Kwa hiyo injini iliyotumika sana ina sababu zake za kufa, na injini iliyopumzishwa sana ina za kwake.

Kuna pia uchakavu unaohesabika kwa milimita. Silinda ya injini ya inchi 239 ilitoka kiwandani na kipenyo cha inchi 3 na 3/16, karibu milimita 81. Inapolika huchongwa upya ili ipokee pistoni kubwa zaidi. Wajenzi wengi huchukulia inchi 3 na 5/16, karibu milimita 84.1, kuwa kipenyo kikubwa cha kawaida. Tofauti ni milimita 3.2 tu. Kila mara fundi akiondoa sehemu 30 kwa elfu za inchi, yaani milimita 0.76, nafasi hiyo inatosha hatua nne. Bloku iliyochongwa kwa ajili ya lori la shamba mwaka 1946, ikachongwa tena miaka ya hamsini, kisha tena na kijana aliyetaka kasi, imebakiwa na hatua moja. Isitoshe, vijazo vya mchanga vilivyounda nafasi za ndani vilikuwa vikisogea kidogo wakati wa kusubu, hivyo ukuta wa silinda unaweza kuwa mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Kuna bloku ambazo hatua ya mwisho haipo kabisa. Inawezekana kuweka slivu, yaani silinda mpya ndani ya ile ya zamani, lakini slivu inataka chuma kizima cha kuishikilia. Kinachochongwa hakirudi.

Akiba ya namna hii, isiyo na kinachoingia, inaweza tu kupungua. Swali ni kwa kasi gani. Historia inaonyesha mapigo kadhaa. Februari 1942 utengenezaji wa magari ya kiraia ulisimama Marekani, na kampeni za kukusanya vyuma kwa ajili ya vita zikayameza magari mengi ya zamani. Pigo kubwa zaidi lilitoka kwa wapenzi wenyewe. Mwaka 1949 Cadillac na Oldsmobile walileta V8 mpya zenye valvu juu. Mwaka 1955 Chevrolet ilitoa V8 ndogo ya inchi 265 yenye nguvu farasi 162, nyepesi na inayopoa vizuri. Mjenzi aliyekuwa akitumia fedha zake zote kufikisha Ford yake nguvu kama hizo sasa alizikuta tayari ndani ya gari lililogongwa. Injini za kichwa bapa zilitolewa, zikawekwa nyuma ya gereji, kisha zikauzwa kwa uzito. Ulikuwa uamuzi wenye mantiki kwa kila mmoja wao, na ndiyo sababu ulifanywa na wengi kwa wakati mmoja.

Mahitaji yalirudi baadaye, akiba ikiwa imeshapungua. Mkutano wa kwanza wa kitaifa wa hotirodi za mtaani ulifanyika Peoria, Illinois, mwaka 1970, na katika miongo iliyofuata likakua kundi linalotaka gari lijengwe kama lilivyojengwa kabla ya 1955, injini ikiwa ile ya wakati huo. Upande wa pili wa mizani uliendelea kushuka. Mwaka 1990 kampuni ya mafuta ya Unocal ilinunua na kuponda zaidi ya magari 8,000 yaliyotengenezwa kabla ya 1971 katika eneo la Los Angeles, kwa dola 700 kila moja, ili kupunguza moshi mjini. Bei ya vyuma chakavu ilipopaa mwaka 2008, viwanja vya vijijini vilivyokaa miongo bila kuguswa vilisafishwa. Hakuna aliyekusudia kuimaliza injini fulani. Mizani ya kupimia vyuma haisomi namba ya bloku.

Inaweza kudhaniwa kwamba hazina za nje zitaziba pengo. Zipo, na Afrika Mashariki ilikuwa mojawapo. Ford ya Kanada, Windsor, Ontario, ndiyo iliyohudumia makoloni mengi ya Uingereza, hivyo Ford V8 za usukani wa kulia zilizoendeshwa Kenya, Uganda na Tanganyika zilitoka huko. Katika vita vya 1940 na 1941, majeshi yaliyopanda kutoka Kenya kuelekea Somalia na Ethiopia yalitumia malori na magari ya deraya yenye injini hiyo. Kanada pekee ilitengeneza zaidi ya magari 800,000 ya kijeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na sehemu kubwa ya yale ya Ford yalibeba V8. Ufaransa nako, kiwanda cha Ford cha Poissy kilichouzwa kwa Simca mwaka 1954 kiliacha ukoo wa V8 za kichwa bapa ulioendelea katika malori ya jeshi. Injini za akiba za jeshi hilo, baadhi zikiwa bado ndani ya makasha, zilisafirishwa hadi Marekani na kupokelewa kwa shangwe. Hata hivyo, kila hazina ya aina hii ni ghala, na ghala halina chemchemi. Kuligundua kunaahirisha tarehe tu.

Katika mazingira hayo ndipo neno “inawaka” linapofanya kazi yake. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alichapisha uchambuzi wa soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Alionyesha kwamba pale muuzaji anapojua ubovu ambao mnunuzi haujui, mnunuzi hushusha bei kwa kuhofia mabaya, wenye magari mazuri huyaondoa sokoni, na kinachobaki ni kibovu. Soko la injini za kale limefika hatua mbaya zaidi, kwa sababu muuzaji naye mara nyingi hajui. Ufa umo ndani ya jaketi la maji. Nzuri zilichukuliwa miaka mingi iliyopita na watu waliojua kupima. Zilizobaki bandani zina uwezekano mkubwa wa kuwa zile zilizokwisha kukataliwa mara moja, na sababu ya kukataliwa imezikwa pamoja na aliyezikataa.

Kuwaka kunaweza pia kutengenezwa. Oili nzito huficha mlio wa beringi zilizolika kwa muda wa kutosha kumaliza mauzo. Sodiamu silikati, kimiminika kama kioo kilichoyeyushwa, ikimwagwa kwenye rejeta hupenya ndani ya ufa, hukutana na joto na kuganda. Uvujaji husimama kwa wiki au miezi. Kemikali hiyohiyo ilitumiwa na serikali ya Marekani mwaka 2009 kuua injini, katika mpango wa kuwalipa watu waachane na magari yanayokula mafuta. Oili iliondolewa, sodiamu silikati ikawekwa mahali pake, na injini ikaendeshwa hadi ikakwama moja kwa moja. Kemikali moja, njia mbili: kwenye maji inaficha kifo, kwenye oili inakileta. Anayetegemea sikio lake hana namna ya kuitambua ile ya kwanza.

Sasa tuangalie utafutaji wenyewe. Tuchukue mfano wa hesabu, si takwimu: mtafutaji anahitaji bloku moja nzima, na katika kila injini nne anazonunua, moja inafaa. Ili kujua ni ipi, lazima azifungue zote. Pistoni zilizokwama kwa kutu hutolewa kwa nyundo na kigogo, na baadhi ya silinda hupasuka katika zoezi hilo. Zilizofeli huvuliwa kila chenye thamani, hasa krankishafti ya Mercury yenye mwendo wa inchi 4, na bloku tupu huenda kwenye mizani. Injini nne zimeingia gereji, moja imetoka. Uwiano ukiharibika hadi moja kati ya nane, mahitaji yaleyale yatakula injini mara mbili. Hapa ndipo hali inapotisha: kadiri akiba inavyozidi kuwa mbaya, ndivyo kila gari linalokamilika linavyogharimu injini nyingi zaidi, na kasi ya kupungua huongezeka hata kama idadi ya wajenzi haikuongezeka.

Upungufu wa pili ni wa watu. Kuihukumu bloku ni kazi ya fundi mkereza mwenye vifaa: tangi la kuchemshia chuma kwa dawa, sumaku na unga wa chuma wa kufichua nyufa, vifuniko vya kuziba matundu ili jaketi lijazwe hewa yenye shinikizo, kifaa cha mawimbi ya sauti cha kupima unene wa ukuta. Kuiokoa kunahitaji zaidi: kushona ufa kwa misumari ya skrubu inayopishana, au kuichoma bloku yote hadi iwe nyekundu ndipo iungwe kwa chuma cha aina yake na kupozwa taratibu. Injini za miaka ya mwanzo zina beringi za metali laini zinazomiminwa moja kwa moja na kuchongwa mahali pake, kazi ambayo wengi wa wanaoimudu ni wazee. Injini za magari ya kisasa hudumu muda mrefu, na zikifa hubadilishwa nzima. Karakana ya kukereza iliyoishi kwa kazi za kila siku za malori na teksi imekosa kazi hizo, na haiwezi kulipa kodi ya pango kwa bloku tatu za kale kwa mwaka. Inapofungwa, bloku ambazo zingeshonwa hutupwa. Chuma na maarifa vinapungua pamoja, kila kimoja kikiharakisha kingine.

Hoja ya kupinga inastahili kupimwa. Inasemwa kwamba kila kitu cha magari haya sasa kinatengenezwa upya, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Brookville ya Ohio hutengeneza bodi mpya za chuma za Ford ya 1932. Kabureta ya Stromberg 97 inatengenezwa tena. Krankishafti, pistoni, kamshafti na vichwa vya alumini vinapatikana kwa kuagiza. Lakini tazama orodha hiyo inaishia wapi. Bodi ni bati lililopigwa. Krankishafti huweza kukerezwa kutoka kipande kimoja cha chuma. Bloku ni tundu ndani ya tundu: silinda, mifereji ya maji, njia za valvu na njia za moshi zinazopishana, kila moja ikihitaji kijazo chake cha mchanga kikae mahali pake. Ford ilimudu gharama hiyo kwa kuigawa kwa mamilioni ya magari. Anayeigawa kwa wateja wachache atatoa bloku ambayo bei yake inamfukuza yule aliyeihitaji zaidi. Kwa hiyo karibu gari lote linaweza kuzaliwa upya isipokuwa sehemu ileile inayokufa.

Wengi hukimbilia V8 ya Chevrolet, ambayo kufikia 2011 familia yake ilikuwa imefikia injini milioni 100. Idadi hiyo inatuliza isivyostahili. Anayetafuta injini ya mwaka 1955 hatafuti familia. Anatafuta bloku ya miaka michache ya mwanzo, na hiyo imeingia katika mkondo uleule, pamoja na Buick za 1953 na V8 za kwanza za Chrysler za 1951. Mpango wa 2009 uligusa magari yenye umri chini ya miaka 25, hivyo za kale zilinusurika. Zilizouawa ni zile ambazo zingekuwa za kale kwa kizazi kijacho.

Matokeo tayari yanaonekana. Hotirodi ilizaliwa kwa sababu injini yenye nguvu ilipatikana kwa fedha za kibarua cha kiangazi. Kijana alijifunza kwa kuharibu, kwa sababu alichoharibu kilikuwa na badala yake. Bloku ikishakuwa haina badala, kujifunza kwa namna hiyo kunakuwa uharibifu usiosameheka, na mlango wa kuingilia unafungwa kwa wale ambao kazi hii iliwategemea kuendelea. Mwenye injini nzima huogopa kuiendesha. Huiweka ionekane. Injini inayokaa hurudi kwenye sababu zile za pili za kufa: maji yaliyolala, kutu upande usioonekana, ringi zinazoshikana na silinda.

Linalobaki kwa mtafutaji ni mpangilio wa maswali. Lile la kuwaka linafaa kuwa la mwisho. Kabla yake injini ivuliwe, ichemshwe, ipakwe unga wa sumaku kuzunguka kila kiti cha valvu, na unene wa kila silinda upimwe kabla ya kulipia mchongo wowote. Kisha matundu yazibwe, jaketi lijazwe hewa, na bloku izamishwe majini. Hatua hiyo ya mwisho huchukua dakika chache. Fundi husimama kando ya tangi na kutazama kama kuna mapovu. Yasipotoka, bloku moja imebaki katika hesabu ambayo Ford iliifunga zamani. Yakitoka, hesabu hiyo ina pungufu ya moja, na hakuna karakana itakayoijazia.